Kivulini Mna Ng'ombe

Saa nne na robo, Kengeja, na jua halina adabu.
Kiwanja kimepauka, chokaa mbichi,
kanzu zimepangana upande wa mashariki
zikirudisha mwanga kama waliodaiwa.
Upande wa pili mfenesi, na chini ya mfenesi
amefungwa Deni-Halilali, ng'ombe wa Shaame bin Kheri,
mweusi wa tako la sufuria,
mweusi asiyeomba radhi.

Mwaka jana nilimrusha kwa mwanga wa kawaida.
Nikiufungua mdomo wa lenzi, kanzu zinaungua;
nikiufumba, ng'ombe anakuwa tundu,
tundu lenye pembe, linalofukuza watu.
Wakapiga simu kutoka Maskati:
"Riziki, hivi huko mnacheza na shimo?"
Nilicheka nao. Usiku sikulala.

Basi leo nimejipanga.
Kamera ya kuazima, biti kumi:
ngazi elfu moja na ishirini na nne
za kushukia kutoka juani hadi kivulini,
si zile mia mbili hamsini na sita
ambazo ukikosa moja unaangukia gizani.
Nimemsimamisha Faki na kofia yake mpya,
"Tulia, leo wewe ndiye karatasi yangu,"
nikapima: weupe wa kofia, niti mia mbili na tatu,
wala usizidi. Wa juu ya hapo
nimeuwekea akiba: bati la msikiti,
mng'ao wa zumari, jasho likiruka.
Mwanga nao ni mchuzi,
chumvi haimwagwi yote mara moja.

Jaribio la kwanza, picha ikafika imefifia,
kanga iliyofuliwa mara mia.
Nikakagua waya, nikalaumu mnara, nikamlaumu Faki.
Kumbe lebo. Nimepeleka mzigo mnono
bila kuandika juu yake ni mzigo gani,
na huko ukafunguliwa kama gunia lolote.
Kitufe kimoja. Astaghfirullah.
Ndipo mfenesi ukatoa majani, jani jani.

Lakini Shaame hana skrini ya maana.
Yuko Unguja, hospitali, nyonga imetiwa chuma,
na simu ni ya bintiye, Mize, kioo kina ufa,
simu isiyojua niti wala biti.
Ningeweza kusema shauri yake.
Nikaukata mto mara mbili:
mmoja mpana, wa wenye navyo;
mmoja mwembamba, nimeukunja kwa mkono,
nikilishusha jua taratibu, nikikiinua kivuli,
ili hata ndani ya ufa wa Mize
ng'ombe abaki ng'ombe.
Kompyuta ikaanza kuhema. Nikaipepea kwa kawa.

Zumari likalia. Tuko hewani.
Watu mia nne na tatu, na namba inapanda.
Nikaivuta picha hadi kivulini, polepole,
kwa majivuno, sifichi:
manyoya ya shingo, kupe mmoja, kovu la bega,
kamba ya makumbi ilivyozunguka mguu.
Ukaingia ujumbe wa sauti. Mize:
"Baba anakushukuru." Kikohozi. Kisha mwenyewe,
sauti imekauka kama karafuu ya siku ya tano:
"Shukrani baadaye. Hilo fundo la mguuni
nani kalifunga? Fundo la mbuzi hilo.
Mwambieni Faki, kabla watu hawajasogea."

Faki alikuwa bado na kofia yake,
na weupe wake wa mia mbili na tatu.
Alikimbia. Akapiga magoti kivulini,
na kwenye skrini yangu nikaiona
mikono yake ikitetemeka juu ya kamba,
pale ambapo mwaka jana
pasingekuwa na mikono.