Goti la Kijani

Walinivika kijani toka utosini hadi unyayoni,
soksi ya uso, matundu mawili ya kupumulia,
wakaniambia: kompyuta itakufuta.
Nikauliza, na malipo?
Hayo hayafutiki.
Nikaingia kazini.

Hamilton, Januari, ghala kuukuu la chuma,
baridi inang'ata hata sikio lililofunikwa.
Filamu ya kuchekesha: jasusi kanywa dawa isiyomaliza majaribio,
mwili ukatoweka, kwikwi ikabaki.
Anapenya ubalozini, hakuna amwonaye,
anafungua kasha la siri, hik!
na jenerali mwenye masharubu anaomba radhi
akidhani ni tumbo lake.
Mficha maradhi, kwikwi humuumbua.

Nyota mwenyewe alikuwa kwake, penye jua,
akituma kwikwi kwa simu.
Kofia inayoelea ni mimi.
Kikombe kinachojinywa, mimi.
Kibao alichopigwa jenerali nilikirudia mara kumi na tisa
(mwongozaji alitaka kiwe cha kirafiki zaidi),
na jenerali, Mzee Kowalchuk, fundi bomba mstaafu,
kila jioni alinigawia supu yake nyekundu
bila kuijua sura yangu.

Jumanne, siku ya nusu bei, nikampeleka shangazi Mwanaidi.
Kanga juu ya koti, karanga mfukoni.
Akaninong'oneza kwa sauti ya kuitia mbuzi:
"Wewe uko wapi?"
"Chini ya kofia, shangazi."
"Sioni kitu."
"Ndiyo kazi yenyewe."
"Miezi mitatu unaniaga alfajiri kwenda kutokuwepo?"
Safu ya mbele ikageuka. Akawapa karanga.

Kisha chumba cha ramani, birika la shaba mezani,
na ubavuni mwa birika, kufumba na kufumbua,
kitu walichosahau vijana wa kompyuta:
goti, la kijani, limebinuka kidogo kwa nje
kama magoti yote ya ukoo wetu.
Shangazi akasimama.
"Goti la kaka yangu Shaali, Mungu amrehemu!"
Watu wakacheka mahali pasipochekesha.
Jasusi akapiga kwikwi.

Tulibaki mpaka majina yakaisha kupanda.
Langu lilipita limekosewa herufi,
katikati ya mpishi na mwenye mbwa.
Nje theluji ilikuwa inafuta magari, moja moja.
Nilitaka kumshika mkono asiteleze.
"Hapana," akasema, "tembea mbele yangu,
nikuone."