Kikohozi

Kamati yetu haina ofisi.
Ina banda la Semngindo, Barabara ya Kumi na Tatu,
spoku zimening'inia juu kama ndevu za kambale,
na kila kikao huanza kwa kusogeza baiskeli ya bluu
ambayo mwenyewe hajaikomboa tangu mfungo.
Mimi ndiye katibu. Si kwa kuchaguliwa:
nilikuja na kalamu.

Jambo la kwanza lilikuwa bomba.
Ndoo hamsini, ikawa mia.
Mishi akauliza, "Hii hamsini ya pili inakwenda wapi?"
Swali dogo, la mtu mwenye ndoo kichwani.
Likazunguka Ngamiani nzima likitafuta pa kulala,
likaingia Mgandini kwa wauza nyanya,
likakuta ushuru wao nao haujulikani ulikolala.

Tukajifunza kusoma bajeti
kama mtoto na alifu yake, kwa kijiti:
fungu, kifungu, kasma.
Bi Mwanakheri akavaa miwani ya marehemu mumewe,
akatia kidole kwenye mstari: *Viburudisho vya wageni.*
Akajumlisha. Akajumlisha tena. Akavua miwani.
"Hawa wageni," alisema, "wamekunywa bomba zima."

Wapo waliotuita wakomunisti.
Semngindo akauliza kama neno hilo linaziba pancha.
Madai yetu yalikuwa manne, juu ya kadibodi:
maji yasiwe biashara ya mtu,
uwanja wa watoto usizungushiwe bati,
mapato ya soko yasomwe hadharani.
La nne lilifutwa na mvua;
mpaka leo tunabishana lilikuwa lipi.

Siku ya Baraza tulikwenda thelathini na saba,
tukakaa nyuma, kwenye viti vya wananchi.
Mwenyekiti akasoma kanuni:
hakuna kusema, hakuna makofi, hakuna kuzomea.
Kanuni haikutaja kifua.

Walipofika ukurasa wa arobaini na moja
Bi Mwanakheri akakohoa.
Kikohozi chake cha kweli, cha vumbi la mkonge,
miaka ishirini kwenye mashine ya brashi.
Mishi akafuata. Kisha safu nzima:
kikohozi cha jiko la mkaa,
cha alfajiri kwenye foleni ya ndoo,
cha aliyemeza neno mwaka juzi likamkwama.
Husemwa, mkubwa akinena hakuna wa kukohoa.
Diwani akapoteza mstari. Akauanza upya.
Tukakohoa upya.

Kipengele kiliahirishwa.
Nimeandika hivyo, *kiliahirishwa*. Sikuandika *tumeshinda*,
maana wiki ya pili bati zilishushwa uwanjani,
na Chambai, aliyekohoa kuliko wote,
akaonekana na kofia mpya, anatafuta udiwani.
Tulimjadili mpaka saa nne usiku.
Wengine walitaka jina lake likatwe.
Mishi alisema kofia haizibi masikio, aachwe.
Nililikata.
Kisha nikaliandika pembeni, kwa penseli.

Mengineyo:
Ndoo bado ni mia.
Bi Mwanakheri yuko Bombo, wodi ya kifua,
anauliza ukurasa wake utarudi lini.
Kikao kijacho Jumamosi, baada ya alasiri.
Mwenye baiskeli ya bluu aje aichukue,
watu wameanza kukaa nje.