Shuka la Mama

"Nondo," nilimwambia fundi Shekiondo,
naye akauliza: za milimita ngapi,
kumi na mbili au kumi na sita?
Nikacheka hadi chai ikanimwagikia.
Si za zege, fundi. Wa mabawa.

Usiku huu Amani haina mwezi.
Ukungu umepanda toka bonde la Sigi
umeingia kwenye iliki bila hodi.
Tumefunga kamba, mkarafuu hadi nguzo ya choo,
tukatundika shuka la mama,
la sita kwa sita, jeupe,
kafuri ingali inanukia kwenye pindo.

Mama, aliyepigana na nondo miaka arobaini
ndani ya sanduku moja:
kafuri, mwarobaini, pilipili manga,
na kila Idi doti zote juani,
akizikagua kama askari wa forodha.
Lo, angeniona!

Singano akavuta kamba ya jenereta mara tatu.
Ya nne ikakohoa.
Nyuma ya shuka taa ikawaka buluu, halafu nyeupe,
weupe wa kuumiza jino.

Watoto wa Mama Kihiyo wakaja na vigoda vyao.
"Mechi inaanza saa ngapi?"
Kaeni, tukawaambia.
Wakakaa.

Wa kwanza mdogo, rangi ya majivu.
Kisha kumbikumbi, wasioalikwa, vurugu tupu.
Kisha wa kijani kama ndizi mbichi,
na mwingine niliyemdhania jani kavu la chai
mpaka jani likatembea.
Kwenye mparachichi, tulikopaka ndizi mbivu, sukari guru
na kikombe cha boha
(nusu alikunywa Singano, anakana),
macho mekundu yalikunywa kimya,
walevi waliokubaliana kutosalimiana.

Saa sita kasoro akaja mkubwa.
Hakutua, aliangukia:
upana wa kiganja changu na vidole vyote,
jicho katika kila bawa.
"Huyu hali," nikawaambia. "Alikula alipokuwa kiwavi.
Sasa hana kinywa, mpaka afe."
Kadogo kakauliza: hata maji?
Hata maji.
Kakawaza. "Sasa amekuja kufanya nini?"

Nikaandika daftarini:
mmoja, dume, vipapasio kama unyoya.

Shuka lina tundu, chini kidogo ya katikati.
Mama alilishona, likafumuka,
akalaani nondo siku nzima.
Siku hizi najua hawapendi pamba.
Pengine alikuwa mende.
Sikuwahi kumwambia.
Mwanga ulipenya hapo ukanichoma jicho
kila nilipoinama kuandika.

Saa saba, watoto wamelala mkekani,
yule mkubwa akatambaa,
akasimama, akatambaa,
akafika penye tundu, akatandaza.

Giza la ukubwa wa sarafu
likanikalia juu ya ukurasa.

"Nizime?" Singano akauliza. "Petroli inakwisha."
Ngoja kwanza, nikamwambia.
Ngoja.