Daftari la Ndimu

Mshahara huingia tarehe ishirini na nane.
Tarehe tatu huwa umeshaaga,
kama mgeni aliyepita kuoga tu.
Ndipo nikanunua daftari la kurasa tisini na sita,
nikaandika juu, kwa kalamu ya ofisi: ACHARI.
Nikapiga mstari chini, mara mbili,
kana kwamba mistari ndiyo mtaji.

Mchana mimi ni karani wa faili hospitalini,
natafuta kadi za watu waliosahau
majina yao yaliandikwaje.
Alfajiri mimi ni mwingine:
kibao, kisu kidogo, ndoo ya ndimu.
Kata nne bila kuachanisha,
shindilia chumvi ndani kama siri.
Karatasi za ofisi hunichana vidole nisijue;
ndimu huijua michano yote,
huiita mmoja mmoja.

Kisha sinia darini, shashi juu yake,
mawe manne pembeni kwa ajili ya upepo.
Ndimu haikimbizwi.
Mimi niliikimbiza.
Kulikuwa na harusi Langoni, nikataka pesa ya harusi,
nikazifunga chupa siku ya nne.
Vifuniko vilivimba. Kimoja kikaruka usiku wa manane,
mama akaamka akipiga kelele za mwizi.
Nikamwaga chupa kumi na mbili mtaroni.
Paka wakaja, wakanusa, wakaondoka.
Paka wa Lamu!
Wasiokataa kitu.

Na zile zilizosalimika?
Zimo daftarini, ukurasa wa pili:
Binti Shali, chupa mbili, atalipa mwezi ukiandama.
Miezi mingapi imeandama.
Mwanabule, chupa tatu, za kuonja.
Ami Kupi hakuchukua kitu, alileta maneno:
mwajiriwa na biashara, wapi na wapi?
Wengine wakaniambia jipe moyo.
Moyo nilikuwa nao.
Nilichokosa ni vifuniko.

Wiki sita sikulifungua daftari.
Lilikaa chini ya godoro,
nikalala juu yake kama mtu anayeatamia yai viza.

Halafu akagonga Famau,
yule wa punda, anayebeba mchanga wa mafundi.
Mkononi chupa yangu, imeoshwa,
karatasi ya jina imebanduka nusu.
"Tupa ii tupu," akasema. "Nataka nyengine."
Hakusifu. Hakuuliza nilipotelea wapi.
Akahesabu sarafu zenye vumbi la saruji.
Nikamwambia sina, sipiki tena.
Akanitazama kama niliyemwambia
kesho hakuna Alhamisi.
"Basi tangoja."
Akaiacha chupa barazani na pesa ndani yake,
akamfuata punda wake, ambaye hakuwa amengoja.

Siku tatu nilipishana na ile chupa.
Kuitupa sikuweza, kuiingiza ndani sikutaka.
Ya nne nilirudi kazini na ndimu hamsini,
begani, sijui nilizinunua saa ngapi.

Sijatajirika, usinielewe vibaya.
Mwezi huu faida ni elfu moja mia mbili na arubaini,
nikitoa chumvi, pilipili, na wale wa kuonja.
Bado saa mbili niko kwenye faili.
Bado kuna alfajiri ninapolichukia sinia
na harufu ya siki iliyoingia hadi kwenye buibui.
Alfajiri hizo sijihubirii.
Nakata ndimu tano.
Tano tu, halafu ruhusa kulala.
Zikifika tano
mkono huwa umeshasahau kwamba ulikataa.

Ukurasa wa tisa, mstari wa kwanza:
Famau, chupa moja, amelipa.
Nilipofika kwenye "amelipa" wino ukakatika,
ikabidi nimalizie kwa kukandamiza,
herufi zikabaki kama makovu, unazisoma kwa kidole.

Kalamu ya ofisi nimeirudisha mezani.
Leo, nikitoka kazini, nimenunua yangu.