Ua Lisilojaa

Agosti shule yetu ya wasichana haina wasichana.
Bwenini tumepangwa sisi:
walimu kutoka Faza, Witu na Hindi,
wanafunzi kumi na wanane waliopenya mtihani,
na watafiti walioshuka Manda kwa ndege ya asubuhi
wamebeba kalamu za rangi nne
na hata kitabu kimoja hawana.

Hilo lilinitia shaka.
Mimi ni Mwalimu Time binti Famau,
miaka ishirini na sita nimekula vumbi la chaki,
na vitabu vyangu vina majibu nyuma,
kurasa nilizozikata kwa wembe
darasa lisizione.

Siku ya kwanza Daktari Cherotich akauliza:
Ua lina miraba minane kwa minane.
Kigae kimoja hufunika miraba miwili.
Pembe mbili zinazotazamana zimekaliwa na nguzo.
Vigae vitaenea, pasipo kukata hata kimoja?

Nikanyosha mkono kama mtoto wa darasa la tatu.
Sitini na nne, toa mbili, gawa kwa mbili:
thelathini na moja, hakibaki kitu.
Vitaenea, nikasema,
nikakaa, nikatengeneza buibui langu.

Akasema, "Haya. Panga."

Tukapanga, kwa vipande vya boksi la biskuti,
sakafuni, magoti yakituuma,
mimi, na profesa mmoja wa Eldoret mwenye mvi,
na kijana Bwanakombo, miaka kumi na mitano.
Kila tulipofika mwisho miraba miwili ilisalia,
mmoja huku, mmoja kule,
kama majirani waliogombana kwa ajili ya mfereji.
Chai ya tangawizi ikapoa. Kaimati wakala wengine.
Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaenda, tukarudi,
tukaikuta miwili ile ile inatungoja.

Babake Bwanakombo ni fundi wa sakafu, Langoni.
Kijana hakuwa amesema neno tangu asubuhi.
Akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa,
akapaka mraba, akaruka mmoja, akapaka,
mpaka ua likawa madoadoa ya kanga, yule ndege.

"Kila kigae ni ndoa," akasema.
"Mraba mweupe mmoja, mweusi mmoja, hakuna namna nyingine.
Na pembe zenye nguzo zote mbili ni nyeusi.
Myeusi imebaki thelathini, myeupe thelathini na miwili.
Hata mkipanga hadi Maulidi,
myeupe miwili itabaki kapera."

Hakuna aliyepiga makofi.
Profesa alivua miwani, akaifuta kwa shati,
akaivaa, akaiangalia tena sakafu.
Nami nikahisi kitu kikinifunguka kifuani.
Si aibu, aibu naijua njia zake.
Lilikuwa dirisha lililovimba kwa mvua za zamani
hata tukadhani ni ukuta.
Kumbe hesabu yangu ilikuwa sawa
na jibu langu halikuwa kweli,
vyote viwili, mdomo mmoja.

Usiku, wanawake tisa, taa moja.
Cherotich amejifunga leso, miguu ndani ya beseni.
Nikamwuliza: na tukijaza chumba kizima,
chini hadi kwenye boriti,
kwa matofali ya miraba miwili miwili,
njia za kupanga ziko ngapi?

"Kwa sakafu, kanuni ipo," akasema.
"Kwa chumba, sijui."
Akalitamka kama mtu atajaye jina lake.
"Wala simjui ajuaye."

Akaomba maji ya moto zaidi.

Sasa ni muhula wa tatu, kidato cha pili, saa nane, joto.
Barke, wa kiti cha nyuma, kauliza swali
lisilokuwamo katika ukurasa wowote nilioukata.
Naugeukia ubao. Chaki inanivunjikia.
Darasa limetulia, linasubiri nimkemee.
Na neno linanijia kwa lugha ya mama,
lile ambalo miaka ishirini na sita sikulitoa humu:

Siyui, mwanangu.
Ndoo. Ndoo na mkaa.