Chumvi ya Kifuani

Siku ile nilikohoa maji.
Si makohozi: maji, kikombe kizima,
na ndani yake utando mweupe
kama ule unaobaki kwenye ganda la yai.
Nikalamba mdomo. Chumvi.
Nikacheka. Mtu wa Uvinza atakohoa nini kingine?
Miaka kumi na tisa nachochea tanuri,
nachemsha maji ya kisima mpaka yageuke meupe.
Chumvi imenila visigino,
kwa nini isinile pafu?

Miezi sita nilimeza vidonge vya kifua kikuu.
Kila kikopo cha makohozi kilirudi safi,
na Sista Leokadia akanitazama
kana kwamba nimewaficha wadudu nyumbani.

Kigoma mjini, daktari aliinua picha kwenye mwanga.
Pafu la kulia: duara,
ndani ya duara maji,
juu ya maji kitu kilichokunjamana, kinaelea.
"Yungiyungi," akasema, kama anayeonyesha shamba lake.
Nikayakumbuka mabwawa ya Malagarasi,
nikaona haya kubeba ua nisilolipanda.
Kisha akauliza: "Utotoni mlifuga mbwa?"

Watasema.
Baba, Nduhiye, alimpa jina hilo liwafikie majirani.
Kila tulipochinja mbuzi,
mapafu yenye malengelenge hayakuingia chunguni;
nilipewa mimi, nimpelekee nyuma ya banda.
Alikula. Akajilamba, nyuma na mbele.
Kisha akanilamba viganja,
kidole kimoja kimoja, kwa subira,
kwa sababu vilikuwa na chumvi.

Yai la mnyoo halionekani kwa jicho.
Lilikaa, likajivutia maji mwaka hata mwaka;
nikaolewa nalo,
nikazaa nalo mapacha.

Kabla ya kisu niliuliza:
vichwa vya minyoo visimwagike, mtafanyaje?
"Tunazungushia vitambaa vya maji ya chumvi.
Chumvi kali. Inaviua."
Nilitaka kuuliza, ya wapi?
Usingizi wa dawa ukaniwahi.

Sasa kovu huwasha mvua ikikaribia.
Bukuru na Butoyi wanajua: mapafu yenye malengelenge hufukiwa,
shimo la kufika kiunoni, mawe juu.
Mbwa wao hulala juu ya mawe hayo, ananitazama.
Nikirudi kazini hunifuata mpaka mlangoni,
ananusa mikono yangu,
nami naificha mgongoni
kama mtu anayedaiwa.