Chumvi ya Barabarani

Zilitolewa nakala mia tatu.
Mia na arobaini zililowa ghalani kwa Torvald
bomba lilipopasuka mwezi wa Februari,
na zilizosalia zilibandikwa lebo kinyume:
ukitaka upande wa kwanza, weka wa pili.
Baba alisema, hata sisi tulifika Gothenburg hivyo hivyo,
tukitafuta njia ya kurudi kwetu.

Walikuwa watano. Wanne watoro wa jeshi,
vijana weusi wa Alabama na Ohayo
waliovua sare kambini Ujerumani
wakapanda meli ya mizigo kwa pasi za kuazima.
Wa tano, Gunvor, mpiga kinanda wa kanisani,
baadaye alikuwa mama yangu
na hakuwahi kunieleza vizuri ilikuwaje.
Baa iliwapa Jumanne, siku isiyo na wateja,
nao wakajiita Wageni wa Jumanne.

Jina la santuri alilitoa Purvis, mwimbaji.
Majira yake ya kwanza ya baridi
aliona lori likimwaga chumvi njiani usiku,
akauliza: barabara hii wanaila?

Walirekodi usiku wa Jumanne mbili
katika kiwanda cha samaki wa kopo kilichofungwa.
Jiko la mafuta lilinguruma, wakalizima.
Sikiliza wimbo wa tatu: ule mchakacho kabla ya tarumbeta
ni Lucius akiuchomoa mdomo wa shaba kwapani
alikouficha usigande.
Debe tupu haliachi kuvuma,
na mle yalikuwa maelfu, yamepangwa hadi darini;
kila baba alipogusa uzi mnene wa besi
yaliitikia yote, kama meno yanayotetemeka.
Fundi alitaka yaondolewe.
Baba akasema: hao ndio waitikiaji wetu,
hatuna wengine, na hawa hawali.

Fanki yenyewe? Nitasema kweli.
Wimbo wa kwanza unakimbia kama mtu anayedaiwa.
Katika wa nne Purvis anasahau ubeti,
anarudia jina la mtaa wa kwao mara nane,
na ikifika ya tano
si kusahau tena.

Nakala moja ilivuka hadi Alabama, kwa bibi.
Bibi hakuwa na gramafoni.
Aliipeleka kwa kinyozi, mikasi ikanyamaza saa nzima.
Barua ilirudi baada ya majuma sita:
*Nimekusikia. Wewe ndiye yule wa chini,
anayetembea wenzake wanapopiga kelele.
Lakini kwenye picha mmesimama juu ya barafu
na viatu vya dansi.
Nani anawaangalia huko?*

Alipofariki, baba hakuweza kwenda.
Uwanja wa ndege jina lake lilikuwa bado linasubiriwa.
Siku ya maziko alikwenda kazini, kiwanda cha gololi,
akarudi na buti mpya, nzito,
akala chakula cha usiku amezivaa.

Mwaka jana kijana wa Osaka alipiga hodi kwangu,
Haruomi, mwenye glavu nyeupe kama mwosha maiti.
Akataja bei. Nikakaa chini.
Nikamwambia, ina mkwaruzo.
Akasema, najua, zote zinao:
upande wa pili, dakika ya nne.
Upande upi wa pili? nikamuuliza,
tukacheka, nikamwekea chai.
Ule si mkwaruzo. Ni tramu.

Namba tatu, ikikata kona nje ya kiwanda,
kengele moja, nusu pigo nje ya mdundo;
na Cleophus kwenye ngoma, badala ya kusimama,
aliisubiri, akaipisha, akaifuata.
Kuanzia hapo wimbo una mwendo wa chuma.

Njia hiyo naiendesha mimi sasa, zamu ya alfajiri.
Kiwanda kimekuwa fleti, zina maua dirishani.
Nikifika konani nagonga kengele mara moja,
nimechelewa kidogo, makusudi.
Abiria huinua macho
wakidhani kuna mtu relini.